Heroini Nayo Iingie Kwenye Orodha: Barua ya Wazi kwa Wanasayansi wa Chanjo wa Bagamoyo

Kwa watafiti, madaktari na wauguzi wa Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo.

Ndugu zangu,

Naandika nikiwa jirani yenu tu, mwalimu mstaafu wa baiolojia. Wapo wanafunzi wangu wa zamani ambao leo wanashika sindano katika tafiti za chanjo. Wapo wengine, waliokaa nao dawati moja, ambao kila asubuhi wanapanga foleni hospitalini kunywa methadoni, dawa ya walionaswa na heroini. Mji wetu ni mdogo, na watu hawa wa pande mbili husalimiana sokoni. Natamani wakae meza moja, na barua hii ni mwaliko.

Barua za wastaafu zina sifa ya kuzunguka, kwa hiyo nitaje ombi langu mapema. Huko duniani zinatengenezwa chanjo za kuwasaidia watu walionaswa na dawa za jamii ya afyuni. Katika kazi hiyo heroini, ambayo ndiyo inayotumaliza sisi wa pwani hii, imesogezwa nyuma ya foleni. Bagamoyo ina ujuzi wa kujaribu chanjo na ina wagonjwa. Naomba mpaze sauti sasa, kabla wengine hawajamaliza kuamua chanjo ipi itengenezwe na ya nani.

Kwa msomaji asiyewajua, nitaje machache. Watoto wachanga 340 wa Bagamoyo ndio walioshiriki katika utafiti, uliochapishwa Desemba 2008, ulioonyesha kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S inaweza kutolewa kwa usalama pamoja na chanjo nyingine za kliniki. Mei 2009 jaribio la mwisho la chanjo hiyo, ambalo lilikuja kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, lilizinduliwa hapa hapa. Mwaka 2012 vijana wa Kitanzania walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria mikononi mwenu, wakilala chini ya uangalizi wenu usiku na mchana, ili ijulikane mwili unapambana vipi. Chanjo ya R21 nayo ilijaribiwa Bagamoyo kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2023.

Tarakimu hizo hazisemi lililo gumu. Hii ni pwani ambayo bibi zetu walitulaza kwa kututisha na mumiani, yule mnyonya damu anayeiuza kwa wageni. Mama wa hapa kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga, kusikiliza maelezo yenu, kuuliza damu inakwenda wapi, kuridhika na jibu, kisha kutia saini, ni kazi iliyochukua miaka. Maabara hununuliwa kwa fedha za wafadhili. Imani ya mama huyo mmeichuma wenyewe, mtaa kwa mtaa, na ndiyo inayonifanya nije kwenu.

Sasa nigeukie bahari. Unga, yaani heroini, haulimwi kwetu. Hutoka Afghanistan, hupita Iran na Pakistan, hupakiwa kwenye majahazi katika pwani ya Makran na kuteremka kusini. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa. Shehena kama hizo huwa zina wenyewe, na safari zake haziishii kwetu. Lakini mzigo ukipita, hudondosha. Kinachodondoka hufungwa kete kete, na kete huuzwa maskani, kwa watoto niliowafundisha mimi.

Zamani waliuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa ile ya 2000 ikaenea heroini nyeupe inayoyeyuka upesi majini, na wengi wakahamia kwenye bomba la sindano. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari za wanawake wa Dar es Salaam ambao, baada ya kujidunga, walivuta damu yao ndani ya bomba na kumpa mwenzao asiye na hela ajidunge, wakiamini kwamba damu ile bado ina unga wa kumpunguzia arosto, yaani mateso ya kuukosa unga. Nilipoisoma habari ile nilifunga kitabu nikakaa kimya. Walikuwa wanaoneana huruma, na huruma hiyo ilibeba virusi.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, mvuvi. Ameniruhusu nimwandike, ila jina lake nimelihifadhi. Alianza na kokteli, yaani unga ndani ya msokoto wa bangi, akaishia kwenye bomba. Dada yangu aliuza cherehani, kisha kitanda, na mwisho akaacha kufunga mlango kwa sababu ndani hapakubaki cha kuibwa.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na nchi yetu ikawa miongoni mwa za kwanza barani Afrika kuitoa katika hospitali ya umma. Mpwa wangu alipojiandikisha, huduma ilikuwa haijafika kwetu. Aliondoka na gari la alfajiri la Makumbusho, karibu kilomita 65 hadi Dar es Salaam, akafika dirishani, akanywa kikombe kimoja mbele ya muuguzi, akatamka neno ili ijulikane amemeza, akageuza. Kesho yake hivyo hivyo, na Jumapili, na sikukuu. Huduma ilipofunguliwa hapa Bagamoyo dada yangu alipika pilau, akawaalika majirani bila kuwaambia sababu.

Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba naidharau methadoni. Imeturudishia mtu wetu. Lakini imemnyima dago. Ninyi mliokulia bara labda hamjui: wavuvi hufuata samaki, hukaa dago wiki kadhaa mbali na kwao, kuelekea Saadani na kwingineko. Dirisha la methadoni analokwenda halina dago, linataka sura yake kila siku. Mvuvi akaacha chombo, na sasa anapara samaki wa wenzake pale soko la samaki. Haibi tena, halali nje, ana mtoto. Ila siku kaskazi ikitulia na wenzake wakipakia ndoo na sufuria, yeye huenda kukaa upande wa pili wa boma la forodha ili asiwaone wakiondoka.

Niliposoma habari za chanjo za heroini, nilimfikiria yeye. Nikamweleza kwa nyavu, na naomba niwaeleze na wasomaji hivyo hivyo, ninyi mnirekebishe.

Kinga ya mwili ni kama jarife. Macho ya jarife ni makubwa, yanamnasa papa na nguru, lakini dagaa hupita kama hapakuwa na wavu. Virusi na bakteria ni papa. Molekuli ya heroini ni dagaa: kingamwili moja ina uzito wa karibu mara 400 ya molekuli hiyo. Mwili hauioni, hivyo hauwezi kuikumbuka. Wanasayansi wakafanya hila. Wamechukua kitu kinachofanana na heroini wakakifunga kwenye protini kubwa, na katika baadhi ya chanjo protini hiyo ni sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, ileile iliyomo kwenye sindano ya wajawazito wetu. Mwili ukiliona pandikizi hilo kubwa hushtuka, na katika kujifunza kulishika hujifunza pia sura ya dagaa aliyefungwa juu yake. Baadaye heroini ya kweli ikiingia katika damu, kingamwili huidaka. Ikishadakwa inakuwa kubwa mno kupenya ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Mtu amejidunga, unga umo mwilini, na stimu haiji.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1974 jarida la Nature lilichapisha habari ya nyani mmoja aliyefundishwa kujipa heroini, akachanjwa dhidi ya mofini, akapunguza kujidunga. Baadaye likawekwa kabatini kwa miaka mingi. Kim Janda wa Taasisi ya Scripps, California, ni mmoja wa waliolitoa, na mwaka 2017 kundi lake likaonyesha matokeo ya chanjo ya heroini kwa nyani. Watafiti wa jeshi la Marekani katika Taasisi ya Walter Reed nao walitengeneza ya kwao, wakatumia pepopunda kuibeba, na kuifanyia majaribio kwa panya.

Kisha tazameni nani aliyetangulia kufika kwa binadamu. Mwaka 2021 jaribio la awali kwa watu lilianza Marekani, na chanjo ilikuwa ya oksikodoni, kidonge cha maumivu kilichowanasa Wamarekani. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Houston kikatangaza chanjo ya fentanili iliyofanya kazi kwa panya, na magazeti ya dunia yakajaa. Siwalaumu. Nyumba yao inaungua kwa fentanili, nao wanamwaga maji kwenye nyumba yao. Lakini chanjo hizi huchagua. Kingamwili iliyofundwa sura ya fentanili haiidaki heroini. Wakimaliza kazi yao vizuri na kuibandika alama ya mafanikio, sisi wa maskani za pwani hatutakuwa tumepata chochote.

Nilipomaliza mhadhara wangu, mpwa wangu alicheka. Akasema, "Mjomba, hiyo ni nzuri kwa anayetafuta stimu. Mimi mwaka wa pili tu stimu ilishanikimbia. Nilikuwa napiga ili arosto iniache niende baharini. Ukinifungia mlango na arosto umeniachia ndani, utakuwa umenifungia na chui."

Nilifundisha baiolojia miaka thelathini na sikuwahi kupata jibu la mtihani zuri kama hilo. Chanjo haigusi kiu. Haiondoi mifupa kuuma, kuhara, jasho la baridi na usiku usioisha. Ikitolewa peke yake kwa mtu aliye katikati ya matumizi, ni adhabu yenye bomba la sindano. Lakini kule kuchagua nilikokulalamikia ndiko kunakofungua njia. Kingamwili za heroini zinaweza kutengenezwa zisiiguse methadoni, kwa kuwa maumbo yake hayafanani. Methadoni itulize arosto, na chanjo ikae mlangoni siku mtu akiteleza. Halafu ipo siku ya hatari kuliko zote, siku mtu anapomaliza kushushwa dozi au anapotoka jela. Mwili wake umesahau unga. Kete aliyoizoea zamani sasa inaweza kumzimisha pumzi. Hapo ndipo kinga inayodumu miezi, isiyohitaji sura yako dirishani kila asubuhi, ingekuwa na maana. Hapo ndipo mvuvi angeweza kurudi dago.

Sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Mambo yanayoweza kuharibika tumeshayaona kwenye kokeini. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalihusu wagonjwa 115 waliokuwa tayari kwenye methadoni na ambao pia walitumia kokeini. Baada ya sindano tano, asilimia 38 tu ya waliochanjwa ndio waliofikia kiwango cha kingamwili kilichohitajika, na kwao kinga ikaanza kushuka baada ya miezi michache. Jaribio kubwa lililofuata, matokeo yake yakatoka 2014, halikufikia lengo. Chanjo ya nikotini iliyoitwa NicVAX ilishindwa mwaka 2011. Tena kingamwili ya kawaida ina mikono miwili, haina wa tatu. Mtu mwenye nia na hela anaweza kupiga kete juu ya kete mpaka mikono yote ishikwe, na ya ziada ikapita. Na heroini yenyewe ni kinyonga: ndani ya dakika chache hugeuka kitu kingine, kisha hugeuka mofini, na chanjo inatakiwa iwatambue wote watatu.

Kwa hiyo njia ni ndefu. Lakini ninyi ndio mnaoijua njia ndefu. RTS,S ilibuniwa 1987 ikapendekezwa 2021, miaka 34. Hamkuikimbia eti kwa sababu ilikinga sehemu tu ya watoto.

Haya ndiyo maombi yangu.

Kwanza, semeni. Kaeni na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na madaktari wa vituo vya methadoni vya Bara na Zanzibar, na wenzenu wa Kilifi na Mombasa. Andikeni kwa wanaotengeneza chanjo hizi kwamba ukanda wetu unataka ya heroini, una wagonjwa wanaofahamika na kuonekana na wauguzi kila siku, na una watu wanaojua kuendesha jaribio mpaka mwisho. Mtengenezaji wa dawa hutazama mnunuzi yuko wapi. Sisi hatuna hela za Marekani, lakini R21 inauzwa kwa chini ya dola nne kwa dozi, na nchi nyingi za Afrika zilihesabiwa pamoja kama mnunuzi mmoja. Hesabu hiyo inaweza kufanywa tena.

Pili, jaribio likija lianzie dirishani na lisianzie jela. Mtu aliye mikononi mwa polisi hana "ndiyo" ya kumpa mtafiti. Wala mzazi asije akamleta kijana wa miaka kumi na minane akisema mchomeni huyu. Najua wazazi watakuja. Dada yangu angekuja, na angekuja na mimi nimemshika mkono mwanawe upande wa pili. Tukataeni. Katika tafiti za watoto mlijifunza kumweleza mama mpaka aelewe. Sasa mjifunze kumweleza mtu ambaye kila ofisi aliyoingia imemwita teja kabla ya kumwita jina.

Tatu, lindeni siri ya damu. Aliyechanjwa atabeba kingamwili zinazoweza kupimwa. Siku mwajiri, mkwe au askari akijua kipimo hicho kipo, chanjo itageuka chapa ya moto mgongoni mwa mtu. Kanuni za kuzuia hilo ziandikwe kabla ya sindano ya kwanza.

Nne, fikirieni maumivu. Chanjo inayodaka heroini itadaka na mofini, ile ile inayowatuliza wagonjwa wa saratani Ocean Road. Mtu aliyechanjwa akigongwa na bodaboda barabara ya Msata, daktari wa zamu atamtuliza na nini? Njia zipo, kama ketamini au ganzi ya uti wa mgongo, lakini daktari lazima ajue mapema, na mgonjwa lazima aaminiwe. Mpwa wangu aliwahi kuvunjika mguu, na katika hospitali moja ambayo sitaitaja aliambiwa kwamba teja hapewi dawa ya maumivu kwa kuwa anazitafuta. Akalala na mguu wake mpaka asubuhi. Watu kama yeye msiwaongezee sababu ya kukataliwa bila kuwawekea utaratibu wa kusaidiwa.

Tano, na hili naliandika taratibu. Chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto wa hapa ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya utoaji mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Zilikuwapo sababu, na sidai kwamba mlizipanga ninyi. Lakini mama aliyetia saini hakuzielewa, na mimi nilishindwa kumweleza. Safari hii ahadi iandikwe mwanzoni: ikithibitika kwamba inafanya kazi, waliotoa mikono wawe wa kwanza kufaidika. Isipofanya kazi, mje mtuambie uso kwa uso, kwa Kiswahili, chini ya mwembe, kabla hatujasikia redioni.

Wakati tunasubiri, methadoni isogezwe karibu na walio mbali, na utafutwe utaratibu wa mvuvi kubeba dozi zake pale daktari anapomwamini. Chanjo itakayokuja miaka kumi ijayo isiwe kisingizio cha kutomsaidia anayehitaji kesho saa mbili asubuhi.

Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mpwa wangu yote, mstari kwa mstari, akiwa na kisu cha kuparia mkononi. Nilimuuliza kama angekubali kuchanjwa katika jaribio kama hilo, akijua huenda lisifanikiwe. Alifikiri kwa muda wa kumaliza samaki mmoja. Akasema angetaka kwanza kumwona huyo daktari, amtazame usoni, amuulize maswali yake matatu. Nikamuuliza maswali gani. Akasema hayo ni ya daktari.

Kisha akaongeza, "Waambie mimi niko dirishani kila siku, mvua na jua. Wakinihitaji, hawana haja ya kunitafuta."

Wenu katika ujirani,

Mwalimu mstaafu,
Bagamoyo

Nakala:
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya
Wizara ya Afya
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu